Vita Mfukoni mwa Tarishi

Mchoro wa Jan Matejko uitwao "Vita vya Grunwald" una upana wa sentimita 987 na kimo cha sentimita 426. Ukiulaza barabarani, daladala aina ya Coaster itaegeshwa juu yake na nafasi itabaki. Matejko, mwana wa mji wa Kraków, aliuhangaikia kuanzia 1872 hadi 1878, akaujaza wakuu, farasi, mikuki na maiti hata mtazamaji anayesimama mbele yake kwa mara ya kwanza hajui macho ayaanzishie wapi. Sasa chukua postikadi ya kawaida ya miaka ya 1900: sentimita 9 kwa 14. Ili Grunwald nzima ienee humo ilibidi ipunguzwe mara 70 kila upande, tena mistari mipana ya karatasi nyeupe ikaachwa juu na chini, kwa kuwa mchoro huo ni mrefu kuliko umbo la kadi.

Mpenda sanaa atasema huko ni kuua kazi ya mtu. Wakusanyaji wa postikadi za vita hawakubali, na hoja yao si ya kupuuzwa: turubai lilikaa ukutani likingoja watu walifuate, kadi iliwafuata watu. Ilivuka mipaka ambayo mchoraji mwenyewe angesimamishwa na polisi. Ilifika jikoni, kambini, shuleni na hospitalini. Na mara kadhaa turubai lilipoungua, kukatwakatwa au kufichwa, kadi ilibaki.

Postikadi yenyewe ilizaliwa bila picha. Emanuel Herrmann, profesa wa uchumi wa Austria, alilalamika kwamba barua ni upotevu wa karatasi, muda na pesa kwa mtu mwenye maneno machache tu ya kusema. Posta ya Austria-Hungaria ikamsikiliza, na tarehe 1 Oktoba 1869 ikaanza kuuza kipande cha karatasi ngumu chenye stempu iliyokwisha chapwa, bei yake ikiwa chini ya nusu ya gharama ya barua. Umoja wa posta wa kimataifa ulioundwa Bern mwaka 1874 ndio uliofungua njia ya kadi kuvuka nchi kwa utaratibu mmoja. Picha zikaja polepole, kisha kwa kishindo. Kati ya miaka ya 1890 na 1914 watu wa Ulaya walituma postikadi kwa wingi ambao leo tungeulinganisha na ujumbe wa simu tu.

Kwa mkusanyaji, mgongo wa kadi ni kalenda. Hapo mwanzo upande wa nyuma ulikuwa wa anwani peke yake, na aliyetaka kuandika neno alilibana mbele, pembeni mwa picha. Uingereza iliruhusu mgongo ugawanywe kwa mstari mwaka 1902, anwani kulia na ujumbe kushoto. Ufaransa ikafuata mwishoni mwa 1903, Ujerumani 1905, Marekani 1907. Basi kadi ya Kijerumani isiyo na mstari nyuma, yenye salamu zilizokwaruzwa juu ya moshi wa mizinga, karibu hakika imetangulia 1905. Muuzaji akidai ni ya 1914, mwenye macho haambiwi tazama.

Poland ndiyo nchi ambayo hadithi hii inanoga zaidi, kwa sababu wakati huo Poland haikuwepo. Prussia, Austria na Urusi ziliigawana kwa awamu tatu, 1772, 1793 na 1795, na haikurudi kwenye ramani hadi Novemba 1918. Kwa miaka 123 Wapolandi hawakuwa na nchi huru yao wenyewe. Walikuwa na lugha, kanisa, na wachoraji. Matejko na wenzake walichora ushindi wa zamani kama watu wanaotunza hati ya shamba lililoporwa: vita vya Grunwald vya tarehe 15 Julai 1410, ambapo Mfalme Władysław Jagiełło na binamu yake Vytautas wa Lithuania waliwavunja Watutoni, shirika la watawa wapiganaji wa Kijerumani, na mkuu wao Ulrich von Jungingen akauawa uwanjani.

Katika sehemu iliyotawaliwa na Austria hali ilikuwa na nafuu, na huko ndiko kadi zilikochapwa kwa wingi. Kraków ilikuwa na Salon Malarzy Polskich, duka la sanaa na nyumba ya uchapishaji ya familia ya Frist katika mtaa wa Floriańska, ambayo ilitoa michoro ya Wapolandi kwa mamia ya aina. Ukipata leo kadi yao ya Grunwald iliyopita posta kabla ya 1914, igeuze. Mbele upo ushindi wa mfalme wa Poland katika fahari yake. Nyuma, kwenye stempu, yuko Franz Joseph, kaizari wa Austria. Dola iliyosaidia kuimeza Poland ndiyo iliyoibeba Poland kwenye begi la tarishi, tena kwa kulipwa. Upande wa Prussia mambo yalikuwa mengine: kadi za namna hii zilihesabiwa kuwa uchochezi, zikakamatwa madukani na wauzaji wakafikishwa mahakamani. Kwa hiyo muhuri wa mji mmoja badala ya mwingine unaweza kubadili kabisa thamani ya kadi mbili zenye picha ileile.

Mwaka 1910, vita hivyo vilipotimiza miaka 500, Kraków ilifurika watu. Mpiga piano Ignacy Jan Paderewski alilipia mnara mkubwa wa Jagiełło juu ya farasi, kazi ya mchongaji Antoni Wiwulski, na wachapaji hawakulala. Kadi za mwaka huo ni nyingi mno, na ndiyo sababu nyingi hazina bei kubwa hata leo. Miaka minne baadaye Wajerumani walijibu. Mwishoni mwa Agosti 1914 jeshi lao chini ya Hindenburg liliangamiza jeshi la Kirusi huko Prussia Mashariki, na ingawa mapigano yenyewe yalikuwa mbali kidogo, waliuita ushindi huo Tannenberg, jina ambalo wao huviita vile vita vya 1410. Deni la miaka mia tano limelipwa, ndivyo walivyotaka isomeke. Mchoraji Hugo Vogel alimchora Hindenburg akiwa mshindi wa Tannenberg, na kadi za jemadari huyo zikasambaa Ujerumani nzima. Wapo wakusanyaji wanaozipanga kadi za pande mbili ukurasa mmoja wa albamu, na huo ni mpango wenye akili kuliko kuzigawa kwa nchi.

Turubai la Grunwald lenyewe lilikaribia kupotea. Septemba 1939 lilitolewa Warsaw likiwa limeviringishwa, likapelekwa Lublin. Wanaume wawili waliolisindikiza walikufa katika shambulio la mabomu mjini humo. Likafichwa chini ya ardhi. Wajerumani walilisaka, na husimuliwa kwamba waliahidi zawadi ya marki milioni 10 kwa atakayelifichua. Hakutokea. Lilifukuliwa Oktoba 1944 likiwa limeoza sehemu kwa sehemu kwa unyevu, na matengenezo yake yakachukua miaka. Sasa lipo Makumbusho ya Taifa, Warsaw.

Kuna mchoro mwingine wa Kipolandi ambao kisa chake kinawafaa zaidi watetezi wa kadi. Mwaka 1894 Jan Styka na Wojciech Kossak, wakiwa na kundi la wasaidizi, walikamilisha mjini Lwów panorama ya vita vya Racławice: turubai moja lenye kimo cha mita 15 na urefu wa mita 114, lililozungushwa ndani ya jengo la duara ili mtazamaji asimame katikati na vita vimzunguke. Huo ulikuwa mtindo wa karne ya 19, ndugu mkubwa wa sinema. Mada yake ni tarehe 4 Aprili 1794, siku ambayo Tadeusz Kościuszko aliwashinda Warusi akiwa na wakulima waliobeba miundu ya kukatia majani iliyonyooshwa juu ya miti mirefu. Shujaa wa siku hiyo ni Bartosz Głowacki, mtwana wa shambani aliyefika kwenye mzinga wa adui na kuzima utambi wake kwa kofia. Kościuszko alimpandisha cheo. Hakufaidi sana: alikufa kwa majeraha ya vita vya Szczekociny miezi michache baadaye.

Panorama haiwezi kuingia kwenye postikadi moja. Wachapaji walilazimika kuikata kwa macho, kadi hii Głowacki na mzinga, kadi ile Kościuszko na wapanda farasi, nyingine wanawake wakisali pembeni mwa njia. Kuzikusanya zote kutoka toleo moja ni kazi ya uvumilivu, maana wanunuzi wa zamani walimpenda Głowacki na kuziacha zile za vichaka na mawingu. Sasa vichaka ndivyo vinavyotafutwa.

Baada ya vita vikuu vya pili, Lwów iliingia Umoja wa Kisovieti, na panorama ikahamishiwa Wrocław mwaka 1946. Hapo ikakwama. Mchoro unaoonyesha wakulima wa Poland wakiwachinja askari wa Urusi haukuwa kitu cha kuonyeshwa katika nchi iliyokuwa chini ya Moscow. Ulibaki umeviringishwa, sababu zikitafutwa kila mwaka, hadi ulipofunguliwa kwa umma tarehe 14 Juni 1985. Kwa karibu miaka 40, aliyetaka kuuona mchoro mkubwa kuliko yote nchini mwake aliuona kwenye kadi za bibi yake.

Warusi nao wana la kwao. Franz Roubaud alichora panorama ya kuzingirwa kwa Sevastopol, iliyofunguliwa mjini humo mwaka 1905. Juni 1942 mabomu ya Wajerumani yaliwasha jengo. Askari na mabaharia walikata turubai kwa visu katikati ya moshi na kuokoa vipande 86, vilivyotolewa mjini kwa meli ya kivita Tashkent. Vilikuwa vimeharibika kiasi kwamba haikuwezekana kuviunga. Kundi la wasanii wa Kisovieti lilichora panorama upya, ikafunguliwa 1954. Kwa hiyo anayezuru Sevastopol leo anaona mkono wa watu wengine, na mwenye kadi iliyochapwa kabla ya 1917 ana ushahidi wa mkono wa Roubaud, hata kama ni wa sentimita chache.

London pia ilipoteza. Kampuni ya Raphael Tuck & Sons, mfalme wa postikadi za Uingereza, ilianzisha mwaka 1903 mfululizo wa Oilette, kadi zilizochapwa zionekane kama zimepakwa rangi ya mafuta kwa brashi. Wachoraji wake wa vita na sare, Harry Payne akiwa mbele, walijulikana kwa kila mtoto wa shule. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1940 jumba la kampuni liliteketezwa na mabomu pamoja na kumbukumbu zake na michoro asilia ya miongo mingi.

Hata hivyo kadi si shahidi mwaminifu, na hapa mkusanyaji anahitaji lenzi. Sahani za picha za zama zile hazikuiona rangi nyekundu: kwao nyekundu ilitoka nyeusi, na samawati ikatoka karibu nyeupe. Fikiria maana yake kwa michoro ya vita, ambamo nusu ya habari imo kwenye sare. Suruali nyekundu za askari wa Ufaransa zinakuwa giza, mbingu yenye mawingu inakuwa tupu. Kisha picha hiyo ya giza na weupe ilipelekwa kiwandani, mara nyingi Dresden, Leipzig au Berlin, kwa fundi ambaye hakuwahi kuuona mchoro wenyewe, naye akapaka rangi kwa maelekezo mafupi au kwa kubahatisha. Zipo kadi mbili za mchoro mmoja ambazo farasi yuleyule ni mweupe kwenye moja na wa kahawia kwenye nyingine. Mkusanyaji wa kweli hununua zote mbili.

Lenzi inafichua pia namna ya uchapaji. Ukiona nukta zilizojipanga kwa mistari kama wavu, hiyo ni njia ya haraka na ya bei nafuu, iliyotoa maelfu kwa maelfu. Ukiona chembechembe zilizokunjamana bila mpangilio, hiyo ni kolotipia, iliyochapwa kutoka sahani ya kioo yenye jelatini. Sahani hiyo ilichoka baada ya nakala elfu moja hivi au mbili, kwa hiyo kadi zake ni chache na vivuli vyake ni laini mno. Stengel wa Dresden, aliyejulikana kwa kadi za michoro ya makumbusho, anatafutwa kwa usafi wa rangi zake. Nakala bandia za siku hizi hugunduliwa kwa taa ya urujuanimno (UV): karatasi ya kisasa imetiwa dawa ya kuing'arisha, ambayo ilianza kutumika kwa wingi baada ya vita vikuu vya pili, nayo huwaka samawati chini ya taa hiyo. Karatasi ya 1905 hubaki imefifia.

Lakini swali kubwa kuliko la karatasi ni nani aliyemlipa mchoraji. Kila mwamba ngozi huvutia kwake. Mfalme Louis-Philippe alipofungua Ukumbi wa Vita katika kasri la Versailles mwaka 1837, alitundika michoro 33, kuanzia vita vya Tolbiac vya mwaka 496 hadi Wagram vya 1809. Waterloo haimo. Aliyekuwa akinunua kadi za Versailles dukani alirudi nyumbani akiamini Ufaransa haijawahi kushindwa, na wachapaji hawakuwa na sababu ya kumsahihisha.

Ndiyo maana kadi za wachoraji waliokwenda kinyume zina uzito wa pekee. Alphonse de Neuville alichora mwaka 1873 "Risasi za Mwisho", kundi la Wafaransa waliozingirwa katika nyumba moja ya Bazeilles tarehe 1 Septemba 1870, risasi zikiisha. Ni mchoro wa kushindwa, na Ufaransa iliupenda kuliko ya ushindi. Georges Méliès aliuigiza kwenye filamu mwaka 1897, na kadi za mchoro pamoja na za nyumba yenyewe, iliyogeuzwa makumbusho, zimeuzwa miaka nenda miaka rudi. Elizabeth Thompson, maarufu kama Lady Butler, aliwashangaza Waingereza mwaka 1874 kwa kuchora askari wakihesabiwa kwenye theluji baada ya mapigano, wengine hawawezi kusimama. Na Vasily Vereshchagin wa Urusi alichora mwaka 1871 rundo la mafuvu jangwani, akalitunuku kwa washindi wote wakuu wa zamani, wa sasa na wa baadaye. Makamanda walipomlaumu kwa michoro mingine ya vita vya Asia ya Kati, mwaka 1874 aliichoma mitatu kwa hasira. Inajulikana leo kwa picha zilizopigwa kabla ya moto. Yeye mwenyewe alikufa Aprili 1904 ndani ya manowari Petropavlovsk karibu na Port Arthur, akiwa amekwenda kuchora vita vya Urusi na Japani.

Msomaji wa Tanzania anao mchoro wake wa kuupima kwa kipimo hicho. Wilhelm Kuhnert, Mjerumani aliyesifika kwa simba na tembo, alikuwepo Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1905, na baadaye alichora vita vya Mahenge, pale maelfu ya wapiganaji wa Maji Maji walipolivamia boma lililolindwa na maaskari wachache wenye bunduki mbili za rashasha. Kazi hiyo inafahamika hapa kwetu kupitia nakala tu, vitabuni na kwenye skrini. Ni mchoro wenye ufundi, wa mtu aliyeijua nchi na mwanga wake. Lakini umechorwa kutoka upande wenye rashasha. Upande wa pili, uliokimbilia risasi ukiamini maji, haukuwa na mchoraji wa kulipwa wala mchapaji wa Dresden, na hakuna albamu itakayoziba pengo hilo. Anayekusanya kadi za vita bila kujiuliza nani hayupo anakusanya matangazo.

Kuhusu bei, anayeanza asitishike. Kadi nyingi za michoro mashuhuri zilichapwa kwa wingi na bado ni rahisi kuliko kitabu kuhusu mchoro huohuo. Pembe zilizokunjika, alama za gundi na kingo zilizopunguzwa kwa mkasi hushusha thamani. Muhuri unaosomeka na ujumbe wenye jambo huipandisha. Mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali iepukwe, kwa kuwa kemikali zake hula wino. Polipropilini haina madhara hayo. Kwa anayeishi pwani adui wa kwanza ni unyevu, wa pili ni wadudu wala karatasi. Na asijaribu kuifunika kadi kwa plastiki ya kubana kwa moto, hata akishauriwa na mwenye duka la fotokopi.

Walio na shauku zaidi wanafuatilia mchoro ambao haujapatikana wote. Baada ya Racławice, Jan Styka aliongoza panorama nyingine, ya ushindi wa Jenerali Józef Bem huko Transylvania mwaka 1849, iliyoonyeshwa kwanza Lwów mwaka 1897. Haikulipa. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilikatwakatwa na vipande vikauzwa kama michoro inayojitegemea, huyu akanunua farasi, yule akanunua theluji na mzinga. Makumbusho ya Tarnów, mji alikozaliwa Bem, imekuwa ikivinunua kimoja kimoja vinapojitokeza. Kipande kikifika mnadani bila maelezo, kinapimwa kwa picha nyeusi na nyeupe za turubai lilipokuwa zima: goti la farasi likilingana, mstari wa mlima ukiungana, basi ni chenyewe. Makumi ya vipande yameshatambuliwa kwa namna hiyo, na mengine bado yametundikwa sebuleni mwa watu wasiojua wanachomiliki.